Nilimzulia mjane wa baba kwamba ana bwana, na nyumba ikatuponyoka

Jina langu sitaliandika. Watoto wangu wako hai, ndugu yangu yuko hai, na Likasi si mji mkubwa. Lakini kosa ni langu, sina mtu mwingine wa kumbebesha. Nilisema uongo juu ya mwanamke ambaye hakunikosea kitu, nikamtoa katika nyumba aliyokuwa na haki ya kukaa ndani mpaka kufa kwake. Nyumba ile ingekuwa yangu siku moja. Minye sikutaka kuingoja hiyo siku.

Nisikilize kwanza, halafu unihukumu.

Baba yangu alikuwa mfanyakazi wa kampuni ya migodi ya serikali, katika kiwanda cha Shituru. Asidi ya kule ilimla meno ya mbele, kwa hiyo alikuwa anacheka huku ameziba mdomo kwa mkono. Wenzake wengi walikaa katika kambi za kampuni, na siku ukipewa pensheni unarudisha ufunguo na kutafuta pa kwenda. Baba aliiogopa sana siku hiyo. Akanunua lupango lake, kiwanja cha kujengea, upande wa Kikula, akaanza kujenga.

Mama yangu alikufa nyumba ikiwa bado kuta za kufika magotini. Baadaye baba akamuoa Mama Ngoie, mtu wa Mwadingusha, aliyekuwa analeta samaki wa kule na kuwauza soko la Likasi. Minye nilikuwa nimekwisha kuolewa. Sikuwahi kumwita mama mudogo, kama inavyotakiwa. Nikizungumza na ndugu yangu Ilunga nilimwita "ule wa samaki".

Baba hakuwa na feza ya kumaliza nyumba. Miaka ile zaïre, feza ya nchi yetu, ilikuwa inayeyukia mfukoni. Mshahara ulionunua mfuko wa unga leo, mwezi ujao haukununua hata nusu. Tajiri mmoja wa mjini, mwenye duka la vitu vya kujengea, akamkopesha simenti na mabati. Nyumba yenyewe ikawekwa rehani. Tajiri hakutaka kupata hasara, kwa hiyo deni halikuhesabiwa kwa zaïre, lilihesabiwa kwa mifuko ya simenti. Kila mwisho wa mwezi baba alipe bei ya mfuko mmoja, kwa bei ya mwezi huo. Akiacha miezi mitatu mfululizo, deni lote linaiva kwa mara moja, na tajiri ana haki ya kuuza nyumba.

Haya baba alinieleza mwenyewe, jikoni kwangu, nikiwa nasonga bukari. Niliyasikia kama mtu anavyosikia redio ya jirani.

Kisha kifua kikamshika. Alipoona haponi, alituita sisi watoto wake wawili, minye na Ilunga, pamoja na Mama Ngoie na mdogo wa baba mwenyewe, Baba Mudogo Mwamba. Alikuwa amekaa kitandani, mito nyuma ya mgongo.

"Nyumba ni ya hawa batoto wawili," akasema. "Lakini Mama Ngoie atabakia mule ndani mpaka atakufa. Akifa, ao akiolewa na mwanaume mwingine, njo mutaingia. Mbele ya hapo, hapana. Munasikia?"

Tukasema tumesikia. Baba Mudogo akayapeleka maneno yale kuandikwa ofisi ya zone, serikali ya mtaa, na sote tukatia sahihi. Baba akafa kabla ya mvua kuanza.

Sasa fahamu jambo moja. Mama Ngoie alinizidi umri kidogo tu. Alikuwa na mwili wa nguvu, alibeba beseni la samaki kichwani kutoka stesheni mpaka soko bila kulishika. Siku ya kuondoa matanga nilimtazama akifagia lupango, nikajiambia: huyu mwanamke atanizika minye. Nitakufa mpangaji, na nyumba ya baba iko pale.

Tulipanga vyumba viwili kwa mtu asiyejua huruma. Kila mara bei ilipanda, na mabati yalivuja juu ya kitanda cha watoto. Mume wangu alikuwa karani mdogo, mtu mpole, hajui kugombana. Mama Ngoie alilala peke yake katika vyumba vitatu na baraza ya simenti. Nilikuwa nikilala namfikiria, naamka namfikiria. Chuki ile ilininywesha chai na ikanilisha.

Nikaanza vita. Nilikwenda kuchukua sahani za marehemu mama yangu, mara nyingine viti, mara nyingine nikaenda tu kukaa barazani na kutema mate. Naye hakuwa malaika. Alikuwa na ulimi kama wembe.

Siku moja nilimwambia, "Hii nyumba ni yetu."

"Ni yenu kesho," akanijibu, bila kuacha kuparua samaki. "Leo ni yangu. Kaa chini ao toka."

Nilitoka, nikalipiga lango teke.

Yule aliyenipa silaha ni jirani yake, Mama Kalenga. Tulikutana bombani. Akanivuta pembeni.

"Dada, unajua kama ule mama yenu iko na mugeni? Kila mwisho wa mwezi mwanaume mumoja anakuya. Anakaa, anakula, anaenda."

"Analala?"

"Kulala sijaona. Anaenda jua lingali juu."

Moyo wangu uliruka kwa furaha, naona haya kuandika hivi. Mwisho wa mwezi nikaenda kujificha kwa Mama Kalenga. Kweli, mwanaume akaja, mtu mzima mwenye kofia ya kijivu. Mama Ngoie akampa maji ya kunawa na sahani ya bukari na samaki. Sikungoja amalize tonge la kwanza. Nikaingia.

"Njo huyu bwana yako?"

Mwanaume akasimama, akavua kofia. Mama Ngoie hakusimama.

"Uyu ni citoyen Kabamba," akasema. Miaka ile tuliitana citoyen, yaani raia, neno la bwana lilikatazwa maofisini. "Ni mutu wa tajiri wa simenti. Anakuya kukamata feza ya deni ya baba yako. Anatembea na miguu kutoka mujini, njo namupa chakula. Muulize mwenyewe."

"Ni kweli, mama," Kabamba akasema. "Deni lingaliko."

"Deni gani? Baba alikwisha kulipa."

"Pita ku duka, uulizie," akasema Mama Ngoie. "Si mbali."

Hapa ndipo ungamo langu linapoanza kweli. Maana mpaka hapo ningeweza kusema sikujua. Duka lile lilikuwa njiani kwangu kwenda soko. Nilipita mbele ya mlango wake asubuhi na jioni. Nilikuwa naona mifuko ya simenti imepangwa ndani, naona karani nyuma ya meza, na ninageuza uso upande mwingine. Nilijua nikiingia nitapata jibu. Jibu lile lingeniharibia kazi, kwa hiyo sikuingia.

Nilikwenda kwa Mama Kalenga.

"Utasema mbele ya ukoo kama ulimuona analala mule," nikamwambia.

"Lakini sikumuona."

"Unataka kile chumba cha nyuma ao hautaki? Siku nikiingia, kitakuwa chako. Utakipanga kwa bei ndogo, utaweka watoto wako wakubwa."

Akatazama watoto wake waliojaa mlangoni. "Sawa," akasema. "Nitasema."

Tukakutana kwa Baba Mudogo Mwamba, siku ya Mungu, baada ya misa. Ilunga alikuwapo, macho yake chini. Nikaeleza kwamba mjane wa baba ana mwanaume, kwamba mwanaume anakuja, anapikiwa, analala, na mtu anayepikiwa na kulala ni bwana hata kama hakuna mahari. Baba alisema akiolewa haki yake imekwisha. Basi imekwisha.

Mama Kalenga akaapa. Aliapa kwa jina la Bikira Maria, na rozari iko mkononi.

Mama Ngoie akamgeukia Baba Mudogo. "Shemeji, duka liko wazi kesho. Tuma muntu mumoja tu. Akirudia na kusema mi niko mwongo, nitatoka bila kubeba hata kijiko."

Baba Mudogo akasita. Alikuwa mtu wa haki, na neno lile lilimwingia. Akasema labda tungoje kidogo, mtu aende kuuliza. Nikaona nyumba inaniponyoka. Nikasimama.

"Baba Mudogo, nani atakayeulizwa? Tajiri ni mukubwa wa Kabamba. Watamutetea muntu wao. Ao unataka mwanaume wa inje alale ku kitanda cha ndugu yako?"

Nilijua neno hilo litamchoma, na nililitumia makusudi. Ndugu yake ndiye aliyemsomesha. Uso wake ukabadilika.

"Imetosha," akasema. "Mama Ngoie, chukua bintu byako."

Karatasi ya kumtoa ikaandikwa palepale, na Ilunga akatia sahihi bila kusema kitu.

Mama Ngoie hakulia. Hakunilaani pia, na mpaka leo ningependa angenilaani. Alisema tu, "Muzuri. Mutalipa benyewe." Tulidhani ni maneno ya hasira. Alikuwa anatueleza jambo la kweli kabisa, na hatukulisikia. Kesho yake alipakia kitanda na mabeseni yake juu ya lori la kwenda Mwadingusha.

Tukaingia. Nikapaka chokaa, nikapika bukari barazani ili watu waone. Mama Kalenga akapata chumba chake cha nyuma. Kwa mara ya kwanza mvua ilinyesha na watoto wangu hawakuamka.

Mwisho wa mwezi, Kabamba akaja.

"Mama, nimekuya juu ya ile ya simenti," akasema, kofia mkononi.

Feza nilikuwa nayo. Uelewe vizuri, nilikuwa nayo. Bei ya mfuko mmoja ilikuwa ndogo kuliko kodi tuliyokuwa tunalipa zamani. Lakini majirani walikuwa wamesimama wanatazama, na Mama Kalenga alikuwa mlangoni kwake. Kama ningemlipa mtu yule, mtaa mzima ungejua alikuwa mtu wa deni, na kwamba minye ni mwongo. Kulipa ilikuwa kukiri.

Nikapaza sauti. "Bibi yako iko Mwadingusha. Mufwate kule."

Watu wakacheka. Kabamba akavaa kofia yake taratibu. "Niko na bibi yangu ku nyumba," akasema. "Nyumba hii iko rehani, mama. Usisahau." Akaenda.

Mume wangu alinisubiri ndani. "Lipa," akaniambia. "Peleka feza ku duka wewe mwenyewe, hakuna atakayeona."

"Likasi hii? Karani wa duka atasema kwa bibi yake, bibi yake atasema sokoni, Baba Mudogo atasikia. Atatutoa na kumrudisha ule wa samaki."

"Basi atarudi. Nyumba itabakia yenu."

Nilimtukana. Nilimwambia yeye ni mpangaji wa kuzaliwa. Hakunigusia neno hilo tena.

Mwezi wa pili Kabamba alikuja na mwenzake. Nilimmwagia maji ya vyombo miguuni. Mwezi wa tatu hakuja mtu. Nilikaa barazani mchana kutwa namngoja, nimejaza beseni la maji machafu kando yangu, na jua lilipozama nikacheka peke yangu. Nilidhani nimeshinda.

Wiki chache baadaye mwanamke nisiyemjua aliingia lupangoni, akaanza kupima madirisha kwa kipande cha kamba. Hakunisalimia hata. Nikamuuliza anatafuta nini.

"Napima rido, pazia za kutia humu," akasema. "Wewe njo mupangaji?"

Nyuma yake alikuwa mume wake, na nyuma ya mume wake mjumbe wa korti, karatasi mkononi. Nyumba ilikuwa imeuzwa.

Nilikimbia mpaka duka lile ambalo nilikuwa nalikwepa. Viatu vilinitoka njiani. Tajiri mwenyewe alikuwapo, mtu mnene wa maneno machache. Nikaweka feza mezani, feza ya miezi yote mitatu. Hakuigusa.

"Rudisha mufukoni, mama. Ile ya mwezi ilikwisha. Miezi mitatu ikipita, ni deni lote. Baba yako alijua."

"Nitaleta lote. Nipe wiki moja."

"Mwenye kununua alikwisha kulipa. Na nilituma watu kwako mara mbili. Ulibamwagia maji."

Nilipiga magoti. Sikufikiri ningepiga magoti mbele ya mtu maisha yangu, lakini nilipiga. Aliniangalia kama mtu anayeangalia bidhaa iliyoharibika.

"Unajua ilibakia ngapi?" akaniuliza. "Mifuko isiyojaza hata mkokoteni. Ule mama aliendelea kulipa tangu mume wake kufa, hakuruka mwezi hata mumoja. Nilimuambia minye mwenyewe: mama, weye haki yako ni ya kukaa tu, nyumba ni ya batoto, wacha batoto balipe. Akasema batoto bako na shida zao, na bwana yake asiitwe mwenye deni kaburini." Akafungua daftari lake. "Alikuwa analipa nyumba yenu. Sasa toka, niko na kazi."

Ungefikiri maneno yale yaliuvunja moyo wangu wa jiwe. Hapana. Nasema ukweli mpaka mwisho, hata kama unanichukia. Nilipotoka pale nilikuwa bado natafuta njia. Karani mmoja anayefanya kazi na mume wangu alituambia kwamba mjane mwenye haki ya kukaa mpaka kufa si rahisi kumtoa, na mnunuzi akimkuta ndani ataogopa kesi na kurudisha nyumba. Nikapanda lori la Mwadingusha asubuhi yake.

Nilimkuta Mama Ngoie kando ya maji, anapasua samaki na dada yake. Alikuwa amekonda. Nilimwita "mama mudogo" kwa mara ya kwanza katika maisha yangu. Kisu chake kilisimama, kisha kikaendelea.

Nikalia, nikaomba msamaha. Nikasema nilidanganya, nikasema Mama Kalenga nilimnunua. Aliacha nimalize. Nikadhani imetosha, nikaongeza: "Rudi, mama mudogo. Rudi ukae mule ndani. Ukikaa, hawataweza kuichukua."

Hapo akaniangalia.

"Ulikuya kuniomba musamaha, ao ulikuya kunikopa?"

Nikajifuta machozi.

"Ulinitoa juu ya nyumba," akasema. "Sasa unanirudisha juu ya nyumba. Minye ni kufuli? Enda. Na usiniite mama."

Dada yake alisimama na kunionyesha njia kwa kisu.

Tulitoka Kikula mbele ya mtaa wote, vitanda vikiwa barabarani. Watu walewale waliocheka na minye, wakanicheka. Tajiri alijitwalia deni lake na gharama za korti. Kilichobakia kikatufikia kimechelewa na kimeyeyuka, hakikutosha kununua godoro. Ilunga alikuja kuchukua nusu yake. Nilimpa yote. Aliitupa chini.

"Ulinifanya nitie sahihi kinywa changu kikiwa kimefungwa," akasema. "Na minye nilikubali, njo maana sikupigi. Lakini siko tena na dada."

Ameshika neno lake. Alipomwoza binti yake sikualikwa. Nilisimama nje ya kanisa kama mpita njia. Baba Mudogo Mwamba alikwenda Mwadingusha kumuomba Mama Ngoie radhi, akiwa mzee na mguu mbovu, na akarudi amesamehewa. Yeye alisamehewa. Hakubeba ombi jingine.

Mama Ngoie alikufa miaka michache baadaye. Nilisikia sokoni, kwa wauza samaki. Nilikwenda kwenye kilio na kitambaa kichwani, nikakaa nyuma kabisa pamoja na wanawake wa mbali. Dada yake akanitambua. Hakupiga kelele. Alikuja tu, akachukua mkeka niliokuwa nimekalia, akaukunja, akaondoka nao. Nilibakia nimekaa kwenye udongo, kisha nikaamka nikaenda.

Leo bado napanga. Mume wangu ni yuleyule, mpole, na hajanikumbusha hata siku moja lile neno lake la "lipa". Ukimya wake ni mzito kuliko fimbo.

Basi wewe unayengoja nyumba ya mzazi, unayehesabu miaka ya mjane aliye ndani, nisikilize. Nyumba ya kesho ina mtu anayeishikilia leo. Uliza nani analipa, uliza iko rehani kwa nani na kwa masharti gani, na uulize mwenyewe kwa miguu yako, kabla ya kufungua mdomo. Usimzulie mtu jambo, maana uongo ukishausema unakulazimisha kuulinda, nao unakula kuliko riba ya tajiri yeyote.

Na kama umekwisha kumfukuza, mfuate leo angali hai. Lakini ukifika kwake, omba msamaha tu, halafu unyamaze.